"Pampu tu" au "gasketi tu": bei ya haki ya jipu lililolala

Katika biashara ya magari yaliyolala, neno lenye gharama kuliko yote lina herufi mbili: tu. Pampu tu. Gasketi tu. Bateri tu, Papa, ukiweka bateri unaondoka nalo.

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia akiwa na magari mawili kichwani na "tu" mbili masikioni. La kwanza ni Land Cruiser pikapu, HZJ75, imelala kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) moja huko Ruashi kwa miaka miwili. Mwenyewe anataka dola 7,500, "imekufa pampu tu". La pili ni Prado ya 1998, iko Bel-Air, dola 4,000, "imeunguza gasketi tu". Shemeji analima mahindi upande wa Kasenga. Anataka gari litakalokuwa linatembea kabla mvua hazijaanza, na mfukoni ana dola 11,000. Hizo 11,000 ni za kununua, kuvuta, kutengeneza na kumaliza karatasi. Wengi huhesabu za kununua tu, halafu gari linahama kutoka kulala kwa mwenzako na kuja kulala kwako.

Mimi mwenyewe nimeshanunua magari manne yasiyowaka hapa Lubumbashi, Kongo. Mawili yalinilipa, mawili yalinila. Kwa hiyo nilimwambia: shemeji, usijibu bei ya mtu yeyote mpaka Jumamosi, twende tukayaangalie yote siku moja, na fundi, na bateri yetu.

Hesabu inaanzia kwenye gari zima

Watu huanza na bei ya muuzaji halafu wanaipunguza. Ukifanya hivyo umeshakubali kucheza kwenye uwanja wake. Anza upande wa pili: gari kama hilo hilo, la mwaka huo, linalotembea vizuri na lenye karatasi zake, mjini hapa linauzwa ngapi? Kutoka hapo toa kila kitakachokutoka mpaka lile lililolala lifanane na lile linalotembea. Toa tena akiba ya usichokiona. Toa na jasho lako, maana hakuna sababu ya kuhangaika miezi mitatu ili umiliki kitu kwa bei ile ile ambayo jirani alilipa akaondoka nacho asubuhi.

Hizi hapa hesabu zetu, kwa dola. Ni makisio tuliyofanya baada ya kuuliza kwa fundi na kwenye maduka ya vipuri. Zako zitatofautiana, lakini mistari ni ile ile.

| | Pikapu HZJ75 | Prado KZJ95 |
|---|---|---|
| Likiwa zima, linatembea | 12,000 | 8,500 |
| Ugonjwa wenyewe | 1,100 (pampu na nozeli) | 1,630 (silinda hedi, gasketi, redieta) |
| Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, mipira | 320 | 250 |
| Bateri | 260 | 140 |
| Matairi | 720 | 600 |
| Breki na miguu ya mbele | 350 | 360 |
| Fundi | 450 | 500 |
| Kuvuta | 100 | 60 |
| Karatasi | 700 | 260 |
| Jumla ya kutoa | 4,000 | 3,800 |
| Akiba ya usichokiona | 800 | 700 |
| Jasho | 1,200 | 1,000 |
| Bei ya haki | 6,000 | 3,000 |
| Anayotaka mwenyewe | 7,500 | 4,000 |

Acha kwanza mstari wa jasho, utazame tena. Pikapu kwa 7,500 ya mwenyewe, ongeza 4,000 za matengenezo na 800 za akiba, unafika 12,300. Nzima inayotembea ni 12,000. Maana yake mwenyewe anamwomba shemeji amlipe kwa heshima ya kuchukua tatizo lake. Prado kwa 4,000 inafika 8,500 kamili, sawa na nzima, na umeshapoteza msimu mmoja wa mahindi ukisubiri.

Mstari unaosahaulika kuliko yote ni ule wa vitu ambavyo havikuua gari, bali vimekufa wakati gari limelala. Matairi, kwa mfano. Mwenye pikapu alitugongea ubavu wa tairi na kusema, angalia, bado mapya. Meno yalikuwa marefu kweli. Nikainama nikatafuta namba nne zilizopigwa mhuri ubavuni: 2314. Wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo ukipakiwa magunia kwenye barabara ya Kasenga utapasuka hata kama meno yake hayajagusa lami. Ndivyo ilivyo na breki zilizoshika, diski ya klachi iliyogandana na gurudumu la injini, sili zilizokauka, na nyaya zilizoliwa na panya. Gari lililolala miaka miwili lina ugonjwa wake, na juu yake lina magonjwa ya kitandani.

Pikapu ya Ruashi

Tuliikuta pembeni ya kichuguu kikubwa kuliko kabini yake, tairi moja la nyuma limezama kwenye udongo mwekundu. Mwenyewe ni mzee mpole, aliinunua kwa mkandarasi mmoja wa migodini.

Kwa nini hii inashika bei hata ikiwa maiti? Ni injini yake. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ni ya kimakanika. Imeanza kutengenezwa mwaka 1990 na hapa mjini hakuna fundi wa magari haya asiyeijua. Haina kompyuta ya kukuambia hapana. Springi za HZJ75 ni za majani mbele na nyuma, na jani likivunjika njiani unafunga kwa mnyororo unafika. Vipuri vyake, vipya na vilivyotumika, vinapatikana mjini, na kisichokuwepo kinaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Fundi wetu hakugusa ufunguo wa gari kwanza. Alichukua spana kubwa, akaingia chini mbele, akazungusha puli ya kranki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Kwa nini miwili? Kwa sababu injini ya namna hii humaliza kazi ya silinda zote katika mizunguko miwili, kwa hiyo mmoja haukuambii yote. Ilizunguka laini, inakaza na kulegea kama inavyotakiwa. Basi haijagoma ndani, na vali hazijagongana na pistoni.

Hapa nisisitize jambo ambalo limeshaua injini nyingi nzima. Mwenye gari akikuambia, "tulivute kidogo na gari lingine litawaka", kataa. 1HZ ina mkanda wa taimingi. Mkanda uliolala miaka umekauka, na ukikatika injini inazunguka, vali zinagonga pistoni. Dakika mbili za kuvutana zinageuza gari la pampu kuwa gari la injini. Fungua kwanza kifuniko cha mkanda utazame.

Kisha tukaweka bateri. Kabla ya hapo fundi alisoma maandishi kwenye starta, maana magari haya mengine yana umeme wa volti 12 na mengine 24, na ukiweka ya 12 kwenye starta ya 24 utasema starta imekufa kumbe umeinyima chakula. Hii ni ya 12. Fundi akamwambia shemeji awashe ufunguo nusu, asipige starta, na sote tukanyamaza. Juu ya pampu ya mazuti (dizeli) kuna valvu ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta. Ikipata umeme inasema "tik". Tulisubiri. Kimya.

Huo ukimya naujua bei yake. Gari langu la kwanza la kulala, miaka mingi nyuma, nilimlipa fundi pampu nzima ya kufufuliwa, ikarudishwa, gari likagoma vile vile. Kijana wa garaji ndiye aliyeona uzi mwembamba umeliwa na panya, ule unaopeleka umeme kwenye hiyo valvu. Mimi na muuzaji tulikuwa tumebishania wiki nzima bei ya kifo ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo fundi alichukua kipande cha waya, akakigusisha kutoka bateri moja kwa moja mpaka kwenye valvu. *Tik.*

Mwenye gari naye ana masikio. Alisogea karibu. "Kumbe pampu ni nzima?" Na pale pale, bila kupepesa, bei ikapanda kutoka 7,500 kwenda 8,500.

Simlaumu. Ila "tik" inathibitisha kitu kimoja: valvu inafanya kazi na uzi wake ndio uliokatika. Haisemi lolote kuhusu yaliyo ndani ya pampu. Fundi akaomba chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, akaifungua filta ya mazuti chini na kuimwagia humo. Tukaiweka chupa juu ya boneti itulie. Baada ya kama dakika tano ilijigawa: juu mazuti, chini maji yenye kutu, vidole viwili. Pampu ya namna hii inajipaka mafuta kwa yale mazuti yenyewe yanayopita ndani. Maji yakiingia, hasa ya mazuti ya bidoni yanayouzwa kando ya barabara, kisha yakalala humo miaka miwili, yanakula chuma kilichosuguliwa kwa vipimo vidogo sana. Inawezekana pampu hii itapona kwa kusafishwa. Inawezekana haitapona. Ndiyo maana ile 1,100 ilibaki kwenye karatasi yetu, na ndiyo maana nilimwonyesha mzee chupa kabla sijamwonyesha hesabu.

Chini ya gari ndiko nilikokaa zaidi. Injini inanunulika, bodi inachomelewa, chesisi iliyooza au kupinda inakuachia chuma cha kuuza kwa kilo. Gari lililofanya kazi migodini lina hatari yake hapa kwetu: viwanda vingi vya shaba vinachenjua madini kwa asidi ya salfa, na gari lililokuwa likizunguka humo linaliwa kutoka chini, kwenye mishono ya sakafu, mabomba ya breki na mabano ya springi. Gonga kwa nyundo ndogo, sikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanung'unika. Angalia hasa pale bano la springi ya nyuma linaposhikana na chesisi, ndipo mzigo uliozidi unapopasua. Hii ilikuwa na kiraka kimoja cha kuchomelea, kimefanywa vizuri, na sakafu upande wa abiria imeanza kuchoka. Nilivikubali vyote viwili. Kingekuwa kiraka cha pili mahali pale pale, ningeondoka.

Usiamini kilomita za gari la mgodini. Dereva anaacha injini ikiunguruma saa nzima akisubiri, kilomita hazisogei, injini inachakaa.

Prado ya Bel-Air

Prado hii ilikuwa safi kiasi cha kukutia aibu kuigusa. Viti vya kitambaa havijachanika, rangi inang'aa, Mama mwenye nyumba alikuwa ameifunika turubai. Ukilinganisha kwa macho tu, shemeji angelipa 4,000 pale pale na kusema amemwibia Mama wa watu.

Lakini injini yake ni 1KZ-TE: silinda nne, lita 3.0, turbo, na pampu inayoongozwa na kompyuta. Inatembea vizuri, ina nguvu, na vipuri vyake si adimu. Udhaifu wake unajulikana na kila fundi: silinda hedi yake ni ya aluminiamu na haivumilii kuchemka. Redieta ikiziba, au mtu akiendesha sindano ikiwa juu "nifike tu nyumbani", hedi inapinda au inapasuka katikati ya vali. Aliyesema gasketi imeungua anakueleza matokeo. Gasketi haiungui yenyewe, kuna kilichoichemsha.

Bahati nzuri, au mbaya, fundi wa kwanza alikuwa ameshafungua. Hedi ilikuwa nyuma ya gari, imefungwa kwenye gunia. Gari lililofunguliwa lina pande mbili kwenye bei. Linakuonyesha ndani, na hilo ni jema. Lakini limeshapoteza boliti, vibano, mipira na kumbukumbu ya nani alitoa nini, na kila kilichopotea utakinunua. Fundi mwingine akikufungulia gari halafu akahama mji, na hayo hutokea, umenunua fumbo la vipande.

Fundi wetu aliigeuza hedi, akaisafisha kwa kitambaa, akapaka mafuta ya taa juu ya uso wa vali, akasubiri kidogo, akayafuta yakauka kabisa. Kisha akachukua chaki ya shule, akasugua pale pale mpaka pakawa peupe. Tukainama sote, na Mama pia. Kati ya vali mbili za silinda ya tatu chaki ilianza kulowa yenyewe: mstari mwembamba kama unywele, unatembea taratibu, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakirudi juu. Silinda ya pili nayo.

Mama alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, aliniambia gasketi." Ninamwamini. Muuzaji si lazima awe mwongo ili bei yake iwe ya uongo. Mara nyingi anarudia alichoambiwa.

Hapo ndipo "gasketi tu" ya dola 180 ilipogeuka hedi mpya, gasketi na redieta, 1,630. Na akiba ya 700 imetoka wapi? Injini iliyochemka kiasi cha kupasua hedi inaweza kuwa imeumiza pistoni na ringi. Kuta za silinda zilikuwa na vumbi na kutu kidogo, mikwaruzo sikuiona, lakini gari lilikuwa limekaa wazi chini ya turubai na sikuweza kuapa. Tukipata bahati mbaya itabidi kutafuta injini nzima iliyotumika, na tofauti kati ya hiyo na kutengeneza hedi tuliikadiria 1,400. Uwezekano wa nusu kwa nusu, tukaandika nusu yake.

Kuna mengine mawili. Prado hii ina usukani wa kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Mjini unazoea. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori la asidi, unapotaka kulipita ni abiria ndiye anayeona kinachokuja, na wewe unamwamini. Hilo lazima lishushe bei, na kwenye ile 8,500 ya gari zima nilishalihesabu, maana zenye usukani wa kushoto zinaulizwa zaidi. La pili ni miguu ya mbele: viungo vya mpira vya chini kwenye Prado za umbo hili vikichakaa vinaweza kuchomoka ghafla, gurudumu likalala chini ya gari. Nimeviweka kwenye mstari wa breki hata bila kuvipima. Gia zake ni za otomatiki, kwa hiyo hata baadaye bateri ikifa shambani hakuna kusukuma.

Gari la tatu, kwa kifupi

Komisioneri (dalali) aliyetuzungusha alitupitisha pia kwenye Defender ya 300Tdi, ya dola 3,500, zamani ilikuwa ya misheni. Bodi ya aluminiamu haina kutu na ndiyo inayowapumbaza watu, kwa sababu chesisi yake ni ya chuma na inaoza chini huku juu kunang'aa. Boriti ya nyuma niliibonyeza kwa bisibisi, ikaingia. Nilimshukuru, tukaondoka. Injini ya 300Tdi ni rahisi na naipenda, lakini hapa Lubumbashi vipuri vyake utavisubiri, na shemeji ana mahindi. Kama chesisi ingekuwa nzima ningetoa 2,000, si zaidi.

Sakafu ya bei

Kuna kosa la upande wa mnunuzi pia. Ukishajua hesabu ya kutoa, unaweza kulewa. Kila kitu unakitia kasoro mpaka unamtajia mzee bei ya matusi, naye ana haki ya kukufukuza.

Gari lililolala lina sakafu, na sakafu ni vipande vyake. Giaboksi ya pikapu hii, transfa, difu zote mbili na ekseli zake, milango, springi, redieta, hata ile pampu yenye shaka, kila kimoja kina mtu anayekitafuta wiki hii. Nikijumlisha bei za vipande vizima nafika karibu dola 7,000. Sasa usiende kumwambia mzee namba hiyo, wala yeye asiishike. Kuuza gari vipande vipande ni kazi ya mwaka. Wa kwanza wanachukua vitamu, unabaki na kabini tupu kwenye lupango na mke anayekuuliza linaondoka lini. Nusu ya jumla ndiyo sakafu ya kweli, yaani 3,500. Chini ya hapo mzee afadhali avunje. Bei yetu ya 6,000 iko mbali juu ya sakafu, kwa hiyo hatumdhulumu.

Sakafu ya Prado ni ya chini zaidi, kama 1,500, kwa sababu kipande chake kinachotafutwa kuliko vyote, ile hedi, ndicho kilichokufa. Ndiyo maana shaka ndogo kwenye pikapu haikutishi, na shaka ile ile kwenye Prado inakukosesha usingizi: ukianguka na pikapu unaangukia kwenye 3,500.

Karatasi, ambapo pikapu inaweza kushindwa

Mpaka hapa utaona ninaegemea pikapu, na ni kweli. Lakini Prado ina kitu kimoja ambacho pikapu haina: karte rozi (kadi ya gari) kwa jina la Mama mwenyewe, namba ya chesisi inalingana, ushuru ulilipwa tangu ilipoingia. Ile 260 ni ya kubadilisha jina, pamoja na safari za ofisini.

Pikapu ilitoka kwa mkandarasi wa migodini. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inazipa kampuni za uchimbaji ushuru mdogo kwa vifaa vinavyoingizwa kwa ajili ya mgodi. Gari lililoingia kwa mlango huo si la kuuziwa mtu wa mtaani hivi hivi. Mpaka forodha, DGDA, ihesabu ushuru uliobaki na ulipwe, gari hilo litembee lisitembee, si mali kamili. Mambo ni yale yale kwa magari meupe ya mashirika ya misaada yaliyoingia kwa msamaha. Mzee ana hati ya mauzo kutoka kwa mkandarasi na karte rozi yenye jina la mkandarasi. Risiti ya forodha hana. Labda ushuru ulilipwa wote na karatasi imepotea. Basi ile 700 inatosha. Kama haukulipwa, namba ya mstari huo haina dari, na bei ya haki ya 6,000 si ya haki tena.

Namba ya chesisi tuliisafisha kwa brashi ya waya kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, tukaipiga picha na simu, tukalinganisha na hati tarakimu moja moja. Inalingana. Namba yenye dalili ya kusagwa au kuchomelewa haipunguzi bei. Inafuta mazungumzo.

Nilichomwambia shemeji

Kwa kazi yake, pikapu. Abebe magunia, achanganye na mbolea, fundi wa kijijini aitengeneze kwa nyundo. Atoe 6,000, afike 6,300 akibanwa sana, kwa sharti moja: nusu mkononi siku ya kuivuta, nusu siku mzee atakapoleta karatasi ya forodha, na yote iandikwe mbele ya mashahidi. Mzee akikataa sharti, si bei, basi anajua jambo ambalo sisi hatulijui.

Kama angekuwa anatafuta gari la kupeleka watoto shule na kwenda Kipushi Jumapili, ningemwambia achukue Prado kwa 3,000, hata 3,200. Mama alishafika 3,400 jioni ile ile, baada ya chaki. Kwa magunia haifai, na itakula pesa ya shamba kidogo kidogo bila kukuambia.

Mzee wa Ruashi ameshuka kutoka 8,500 ya "tik" mpaka 7,000. Mwanawe yuko Kasumbalesa akiulizia ile risiti. Shemeji anampigia kila siku ya pili, wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za mvua, na hakuna anayetaja namba kwanza. Chupa yetu ya mazuti na maji bado iko juu ya boneti, tuliiacha pale makusudi.